Namba ya Providence

Mwalimu Placide alikutwa asubuhi amelala chali mbele ya ubao, kisogo kimepasuka, damu imeganda kwenye kona ya meza. Inspekta Albertine Kabwe alichuchumaa kando ya maiti, akalikagua jeraha, kisha akainua macho. Ubao ulikuwa umefutwa kwa kitambaa chenye maji.

Mtu aliyeanguka mwenyewe hafuti ubao.

Aliumulika kwa tochi kutoka pembeni. Alama za chaki zikajitokeza: 1203200990023021. Chini yake, 11 ×, na tarakimu zilizofifia.

"Hii namba unaijua?" alimuuliza Jaël, mwalimu wa hesabu aliyefundisha pamoja na marehemu.

Jaël alisita. "Naijua. Iko ku ukuta wa kanisa ya Pasteur Éphraïm, hapa Kikula. Anahubiri kama ni namba tasa, hakuna ya kuigawanya."

"Ni kweli?"

"Apana. Inasomeka sawa toka mbele na toka nyuma, na idadi ya tarakimu zake ni shufwa. Namba ya vile, kumi na moja inaigawanya kila mara."

"Mbona umesita kusema?"

"Minye nasali kule, Mama."

Albertine aliandika jina lake daftarini, kisha akaenda kanisani.

Éphraïm alikuwa anapanga mabenchi. Uani, koti lake la ibada lilikuwa kambani likichuruzika maji.

"Pasteur, Mwalimu Placide amekufa."

"Mungu amupumuzishe." Hakuuliza amekufaje.

"Ulimuona lini mara ya mwisho?"

"Dimanche, mu ibada."

"Jana hukufika shuleni?"

"Apana, Mama Inspekta."

"Alikuwa amepata kinachoigawanya namba yako."

"Kumi na moja! Kumi na moja njo nini mbele ya—"

"Mimi sijataja kumi na moja, Pasteur."

Éphraïm aliketi kwenye benchi.

"Providence, mutoto wangu, alizaliwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, 2009. Malaria ilimubeba. Niliandika siku yake, nikaigeuza, ili iende na irudi. Nikaigawanya na mbili, tatu, tano, saba. Ikakataa. Nikasema, Mungu amenipa kitu chenye hakuna muntu atavunja."

"Na Placide?"

"Aliniita peke yangu, anionyeshe mbele ya bengine kujua. Hakuniseka. Nilimuomba afute. Akasema, 'Pasteur, hata nikifuta, itagawanyika tu.' Nikamusukuma."

"Alikufa palepale?"

Éphraïm aliutazama ukuta wenye namba, akashindwa kuendelea kuutazama.

"Apana. Alikuwa anapumua bado, ananiita. Minye nilifuta ubao kwanza. Nilipogeuka, alikuwa amenyamaza."

Albertine alitoa pingu. Éphraïm akanyoosha mikono kabla hajaambiwa.