Kavuo na Mimba ya Mapasa

Kavuo anauza viazi sokoni Butembo. Kila asubuhi anapokea magunia kutoka Lubero, anachambua, anapanga mafungu. Mimba yake ilipofika mwezi wa tano, ekografi ilionyesha watoto wawili.

"Mapasa!" Mama mkwe wake, Jokébed, alipiga vigelegele. Kisha woga ukamshika.

"Mapasa banazaliwaka mbele ya wakati. Kuanzia leo utalala kitandani mpaka uzae. Jirani yetu Shekinah alilalaka, batoto bake bakatoka bazima."

Kavuo akalala. Siku zikapita, miguu ikawa mizito, moyo ukachoka. Hakutaka kumvunjia mama mkwe heshima. Lakini alitaka kujua ukweli.

"Mama, twende sote kwa mukunga."

Mkunga wa kituo cha afya, Nadège, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Jokébed, Shekinah alilala, akazaa muzuri. Ni kweli. Lakini bangapi balilala, na batoto bakakuja tu mapema? Na bangapi hawakulala, bakazaa muzuri?"

Jokébed alifikiri. "Sijue."

"Njo maana baganga ba hospitali balifanya majaribio. Balikusanya bamama bengi ba mapasa, bakapiga kura ya kubagawa makundi mbili. Bamoja balilazwa hospitali, bengine balibaki kwabo na maisha ya kila siku. Kisha bakalinganisha."

"Kura ya nini?" Kavuo akauliza.

"Ili benye afya nguvu basijikute bote upande moja. Bila vile, hautajua kama ni kitanda kilisaidia."

"Kilisaidia?"

"Hapana. Kulaza kila mama wa mapasa hakukuzuia batoto kuja mapema. Na kulala sana kunaweza kugandisha damu mu miguu. Basi tembea, lakini usibebe magunia. Muganga akikuambia upumzike juu ya sababu yako mwenyewe, umusikie. Kuja tupime tansio ya damu mara kwa mara. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, damu ao maji ikitoka, ao uchungu ukianza mapema, usingojee. Kimbia hospitali."

Kavuo akarudi sokoni. Wengine walimbebea magunia, na kituoni hakukosa kwenda.

Mwezi wa nane wa mimba, akiwa sokoni, kichwa kilimuuma kama kinapasuka. Viazi vikaanza kucheza machoni.

"Jilaze kidogo, itapita," mwuzaji mwenzake alimwambia.

"Hapana. Naenda sasa hivi!"

Alimwita Jokébed kwa simu, wakapanda pikipiki mbili mpaka hospitali kubwa. Tansio ilikuwa imepanda sana. Waganga walimpa dawa ya kuzuia degedege, wakampasua siku ileile. Mapasa, Nguru na Ndobya, walitoka wadogo, lakini kilio chao kilisikika mpaka nje.

Kavuo alipopona, wanawake walikuja kumpongeza. Mmoja wao alikuwa na mimba ya mapasa.

"Mama Jokébed, Kavuo alilala ao hakulala? Nami nifanye vile vile."

Jokébed alimpa Kavuo mtoto anyonyeshe, akachukua kitenge chake.

"Kavuo ni mutu moja tu, kama Shekinah," alisema. "Simama, nikupeleke kwa mukunga."