Aliyeomba Kutuliwa Gunia

Siku hizi ukiyaita maghala ya zamani ya Kurasini bado maghala, wenyewe wananuna. Yamepakwa rangi, yamewekwa lifti na bustani, na kibao cha getini kinasema makazi ya kisasa. Haya, hongera zao. Kokuberwa, jirani yetu wa zamani kule Mwananyamala, alihamia humo na mumewe Erasmus na mtoto wao mchanga. Alituaga kwa madaha, na kusema kweli tulimwonea wivu.

Mchana mmoja Erasmus yuko kazini, mtoto kalala, wali unapaliwa makaa, ikasikika hodi. Kokuberwa akafungua. Alisimama kuli mzee, kifua wazi, gunia la katani kichwani, shingo imezama mabegani.

"Mwanangu, nitue."

Kokuberwa alilelewa vizuri kwao Bukoba. Mwenye mzigo haulizwi atokako. Akainua mikono, akamshushia. Mzee akanyoosha shingo, akashusha pumzi, akaondoka bila hata ahsante. Sakafuni hapakuwa na gunia.

Jioni ile ganzi ilimwanzia utosini, ikashuka mabegani hadi vidoleni. Haikuuma, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimnyonyesha mwanawe kama anayepakata hewa. Siku moja mtoto akamponyoka, akaangukia kochi, akaangua kilio. Kokuberwa akamtazama tu. Alijua anapaswa kuogopa. Hakuogopa.

Akashuka kwa Bi Shamimu, muuza mihogo wa nje ya geti, mzaliwa wa mtaa ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umemtua, eeh?" Bi Shamimu alinong'ona kabla hajaelezwa kitu. "Yule aliangukiwa na ukuta wa ghala, mzigo kichwani. Hawa wamejenga juu yake, hata kisomo hawakumsomea. Sasa gunia unalo wewe. Atakayekutua ndiye atakayelibeba. Usimwombe umpendaye."

Hakumwomba mtu. Lakini Erasmus aliporudi alimkuta dirishani, mtoto mikononi, shingo imezama. Akamwonea huruma. Akacheka kidogo, kama kawaida yake, akainua mikono miwili juu ya kichwa cha mkewe.

"Tua, mke wangu. Umechoka."

"Erasmus, usi..."

Uzito wa mtoto ukamrudia. Joto lake. Harufu ya maziwa shingoni mwake. Kokuberwa akalia kwa furaha, akambusu mtoto, akasahau kila kitu.

Alipoinua uso, Erasmus hakuwa akicheka. Shingo yake ilikuwa imezama.

Asubuhi hakuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mtoto sasa anatambaa. Kila adhuhuri hodi hupigwa, taratibu.

"Koku, nitue."

Sauti anaijua. Humkumbatia mwanawe kifuani, mzito, wa moto. Hafungui. Siku hizi hata halii.

Kukishakuwa kimya, huokota nyuzi za katani pale kizingitini. Huwa ziko upande wa ndani.