Mwito wa Adhuhuri katika Palasio ya Quionga

Shuka lilikuwa limebonyea. Zaida alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, akalitandika mwenyewe juu ya kitanda kikubwa cha chumba cha mwisho, akalinyoosha kwa kiganja mpaka likakosa hata mkunjo mmoja. Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda jikoni kunywa chai. Aliporudi na foronya, katikati ya shuka palikuwa na bonde refu, kama kwamba mtu mnene amelala hapo chali. Akaligusa. Lilikuwa limelowa, na linanuka udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Hakumwambia mtu. Akalivua shuka lile, akatandika jingine.

Nyumba hiyo watu wa Quionga, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, wanaiita Palasio, ingawa ina vyumba saba tu na bati lake linavuja. Aliyeijenga ni Mjerumani, zamani upande ule ulipokuwa wake, kwa mawe yaliyotolewa pwani juu ya vichwa vya watu wasiolipwa hata kibaba cha mtama. Mreno alipomfukuza Mjerumani akaingia humohumo, akabadilisha bendera na mapazia. Ulipokuja uhuru ikaandikwa kuwa makazi ya mkuu wa nchi kila atakapofika kaskazini. Wakubwa kadhaa walifika, wakala, wakapigwa picha barazani, na kila mmoja alipata udhuru wa kwenda kulala kwingine. Kisha vikaja vita hivi vya juzi, watu wote wakakimbia, nyumba ikabaki na popo. Sasa watu wamerudi, na habari ikaletwa kwamba mkuu wa nchi anakuja, na safari hii atalala.

Senhor Lourenço wa protokolo aliletwa kutoka mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa, akapewa siku tisa za kuitengeneza nyumba. Akaajiri wanawake wawili. Mmoja ni huyo Zaida, mjane wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa pale. Wa pili ni Flávia, binti wa Kimakonde kutoka Mueda, aliyekuwa akifua nguo za vibarua wa mradi wa gesi kule Afungi mpaka mkataba wake ulipokwisha. Alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi wa kucheka, na alimwita Zaida mama tangu siku ya kwanza.

Siku ya tatu, saa sita na nusu mchana, upepo ulikata. Minazi ikasimama kama imechorwa. Zaida alikuwa ukumbini akipangusa viti aliposikia sauti nzito ya kiume kutoka chumba cha mwisho, sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa.

“Mainato!”

Ni neno la enzi za Mreno. Mainato ni mfua nguo wa nyumbani, mtu wa kuitwa kwa kazi yake ili bwana asijisumbue kujifunza jina lake. Zaida alikuwa hajalisikia likitamkwa hivyo tangu alipokuwa mtoto, kinywani mwa bibi yake, na kitambaa kikamdondoka.

Bibi yake, Awa, aliwahi kufua katika nyumba ile. Adhuhuri moja aliitwa, akaitika, na siku hiyo hakurudi nyumbani mzima. Tangu hapo, jua likisimama utosini, popote alipo, bibi aliinuka, akatandaza chochote kilicho mbele yake, mkeka au kanga au mchanga mtupu, akaanza kukipiga pasi kwa kiganja kitupu. Viganja vyake viliungua kweli, vikatoa malengelenge, na Zaida akiwa mdogo ndiye aliyekuwa akivipaka mafuta ya nazi. Bibi alimwachia wasia mmoja: akiitwa kwa kazi yake, anyamaze.

Zaida akakimbilia ukanda wa nyuma ili amzibe Flávia mdomo. Alichelewa hatua tatu. Flávia alikuwa na rundo la taulo mikononi, na kwa adabu aliyofundishwa kazini alikwishainua uso na kujibu kwa Kireno, “Sim, senhor.”

Mlango wa chumba cha mwisho, uliofungwa kwa ufunguo, ukafunguka wenyewe.

Mchana ule Flávia alipiga pasi mashuka yote. Zaida alimsemesha, hakujibu. Alimletea wali na samaki, hakula. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, waya wa pasi ulikuwa umelala sakafuni haukuchomekwa popote, na bado kila Flávia alipopitisha mkono nguo ilitoa moshi. Na Zaida alipoinama vizuri akaona kwamba binti hakushika pasi hata kidogo, pasi iko pembeni, ni kiganja chake ndicho kinachopita juu ya kitambaa cheupe, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, na ukutani nyuma yake kimesimama kivuli kipana cha mtu aliyevaa kofia, ilhali chumbani hapakuwa na mtu mwingine ila wao wawili.

Zaida alimvuta kwa nguvu zote. Ilikuwa kama kuvuta nguzo.

Akamwendea Senhor Lourenço. Yule bwana alisikiliza huku akitazama viatu vyake, akasema ni joto, binti apumzike, zimebaki siku sita. Zaida akamwambia basi waende wote wakamtazame. Lourenço akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. “Dona Zaida, mimi chumba kile siingii. Wala sitaandika kwenye ripoti kwamba nyumba ya Rais ina jini.”

Ndipo Zaida akaenda kwa Mwalimu Sualehe. Huyu ni fundi wa pikipiki, na alasiri huwafundisha watoto Kurani. Babu yake alikuwa karani wa Mjerumani, na habari za nyumba ile zilibaki katika ukoo wao kama deni. Mwalimu akafuta grisi mikononi, akamweleza. Pale penye chumba cha mwisho palikuwa na kisima cha wanawake wa Quionga. Mjerumani aliichukia kelele yao ya alfajiri uani kwake. Akamleta mganga kutoka ng'ambo ya Ruvuma, naye akafunga jini ndani ya chungu cha shaba, akakiweka juu ya mdomo wa kisima ili kiwafukuze wenye kisima, kisha Mjerumani akajenga chumba juu yake.

“Na Mreno alijua?” Zaida aliuliza.

“Alijua. Na waliokuja baadaye walinong'onezwa. Lakini bwana gani atakataa mlinzi asiyelipwa?”

Mwalimu alisema kusoma atasoma, lakini kuliamuru hawezi. Jini lile liliwekwa kuwazuia wenye kisima, basi aliye wa damu ya wale wanawake ndiye atakayekitoa chungu kwa mkono wake, wakati uleule wa mwito, na asiitike hata aitwe na nani.

Zaida hakulala usiku ule, ila si kwa hofu. Alikuwa akiikumbuka siku alipokimbia Quionga na kitita kimoja kichwani, akavuka mto Ruvuma pale Namoto akiwa amepanda mashua ya watu wasiomjua, akakaa miaka mitatu Mtwara akifua nguo za watu. Alirudi akiwa amejiapiza jambo moja.

Kesho yake, jua lilipokaribia utosi, aliingia chumbani na mtaimbo. Mwalimu Sualehe akasimama mlangoni, akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Flávia bado alikuwa kitandani kwa magoti, midomo imepauka, viganja vimevimba na kuchubuka, anapiga pasi. Zaida alianza na yeye. Alikuwa amempigia simu mama wa binti huyo, Olívia, huko Mueda, akamweleza la kufanya. Sasa akapiga tena, akaibana simu kwenye sikio la binti. Kutoka mbali sana yule mama akamwita mwanawe jina la nyumbani, jina fupi la Kimakonde ambalo Zaida hakuwahi kulisikia. Akaliita tena na tena, kama mtu anayemwamsha mtoto aende shambani. Mara ya tisa mkono ulisimama. Flávia akatazama viganja vyake, akalia.

Upepo ukakata.

“Mainato!”

Zaida akachomeka mtaimbo kati ya mbao mbili za sakafu, akakandamiza. Mbao ikapasuka.

“Mainato!” Sasa ilikuwa kisogoni mwake, na pumzi yake ilikuwa ya baridi, ya udongo. Kitanda kikalia kama mtu mzito ameinuka. Mbao ya pili ikang'oka, na ya tatu. Chini yake palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe chungu cha shaba kimefungwa nyororo. Alipokipelekea mkono, sauti ikabadilika. Ikawa ya mwanamke mzee, imechoka.

“Zaida, mjukuu wangu. Viganja vinaniuma. Nipake mafuta.”

Miaka arobaini alikuwa ameitamani sauti ile. Lakini bibi yake hakuwahi hata siku moja kumwita Zaida. Alimwita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, tangu Zaida akinyonya mpaka alipomzika. Jini hili lililala nyumbani kwa watu miaka mia na ushei, na halikujua jina la utani la mtu yeyote.

Hakuitika. Alikikumbatia chungu, akasimama, akasema kwa sauti iliyofika uani:

“Nimewakimbia watu wenye bunduki, na nilikuwa na haki ya kukimbia. Wewe sikukimbii. Hapa pana kisima cha bibi zangu. Toka.”

Akaanza kutembea. Kila alipopita mlango chungu kilizidi kuwa kizito, kwenye ukanda kilikuwa na uzito wa mtoto, chumba cha kulia kikawa na uzito wa gunia, ukumbini kikawa na uzito wa maiti iliyolowa, na kile kivuli cha kofia kilimfuata ukutani kikinyoosha mikono, na picha zikaanguka, na vioo vya madirisha vikapasuka kimoja baada ya kimoja, na Mwalimu nyuma yake akasoma kwa sauti inayotetemeka lakini isiyokatika, na Flávia, aliyekuwa hawezi hata kusimama, akaja akitambaa, akaweka viwiko vyake chini ya chungu, akamsaidia kuinua, mpaka wakavuka kizingiti cha baraza na jua likawapiga usoni.

Nyororo ikakatika, kifuniko kikafunguka chenyewe. Ndani mlikuwa na misokoto ya nywele za wanawake waliowahi kuitika, kumi na minne. Mingine ilikuwa imegeuka kama nyuzi za buibui. Mmoja ulikuwa mweusi, bado unanukia mafuta ya nazi, na Flávia akashika kichwa chake nyuma ya sikio, akakuta pamekatwa.

Walikaa pale barazani wakaifumua, msokoto kwa msokoto, jua kali likiwachoma. Zaida hakujua upi ulikuwa wa bibi yake, basi yote aliifumua kama ni ya bibi yake. Ulipofumuka wa mwisho, mabati yote ya Palasio yaliinuka na kujibwaga kwa kishindo kimoja, kitu kikapita kati ya minazi kuelekea ng'ambo ya Ruvuma, makuti yakiinama njia nzima, na harufu ya udongo ikakatika.

Jiwe bapa liliondolewa jioni ileile na wanawake wanane. Maji yalikuwa mita tano chini, baridi, matamu.

Senhor Lourenço, aliyekuwa amekwenda Palma kuwapokea watu wa usalama, alirudi siku tatu baadaye na magari yao mawili. Alikuta mlango mkuu uko wazi, zulia limekunjwa, na mstari wa wanawake wenye ndoo umeanzia barazani ukapita ukumbini mpaka chumba cha mkuu wa nchi, ambako kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Akasema shimo lifunikwe leo, watu watoke, mgeni anafika kesho kutwa. Hakuna aliyesogea. Akajipenyeza mpaka mbele.

Flávia alikuwa amesimama kando ya kisima, viganja vimefungwa vitambaa, anawahesabia watu zamu. Alimtazama bila kuinamisha macho.

“Senhor Lourenço,” alisema, “hawa wamekutangulia. Rudi nyuma.”