Sindano Imeshuka

Kila asubuhi Edina alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kongwa kabla ya kunywa chai. Kazi hiyo aliizoea mpaka akaweza kuifanya huku akipiga miayo. Lakini asubuhi hiyo ya likizo ya Desemba usingizi ulimruka ghafla. Nyuma ya banda la kuku, katikati ya vumbi na majani makavu, palimeta kitu kidogo cha chuma. Aliinama, akakiokota, akakitia mfukoni haraka. Ilikuwa klipu, ndogo kuliko ukucha wa kidole chake cha mwisho.

"Edina! Kofia yako ngumu iko wapi? Watoto wa watu wananisubiri!" mama yake aliita kutoka getini.

Mama yake, Anyesi, alikuwa nesi wa zahanati. Siku za kliniki ya mkoba alipanda pikipiki ndefu ya zahanati, ile yenye matairi ya meno makubwa, akapeleka chanjo vijiji ambavyo gari hufika kwa shida. Likizo ikifika, Edina alimsindikiza na kumsaidia kupima watoto uzito. Aliipenda sana safari hiyo. Siku ile, hata hivyo, alitamani kuugua homa ghafla.

Jana yake mama alikuwa amemtuma aisukume pikipiki hadi kwa Fundi Iddy, ng'ambo ya barabara, ikasafishwe kabureta, maana vumbi la Kongwa halina simile. Fundi alikuwa na wateja wengi. Edina, aliyezoea kushinda karakanani akitazama mpaka akajiona nusu fundi, hakutaka kusubiri. Aliirudisha nyumbani, akaifungua kabureta mwenyewe nyuma ya banda la kuku.

Tumpe haki yake: aliiosha vizuri kwa petroli, hadi ikang'aa. Taabu ilikuja wakati wa kuirudisha. Ndani ya kabureta mna sindano nyembamba inayopanda na kushuka dereva anapovuta mafuta, na juu yake hushikwa na klipu ili isitumbukie. Klipu ikamponyoka. Alichakura mchanga kuliko kuku wote wa banda lile, asiione. Basi akaifunga sindano kwa uzi wa kushonea, akafunika.

"Fundi ameshasafisha?" mama aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama."

Sasa klipu alikuwa nayo, mama alikuwa ameshavaa kofia, na kikasha cha chanjo chenye barafu kilikuwa kimeshafungwa nyuma ya pikipiki. Edina alipanda, klipu ikibaki mfukoni.

Mwanzoni pikipiki ilikwenda vizuri mno, hata akaanza kujisifu moyoni. Walivuka korongo la kwanza, ambalo lilikuwa mchanga mtupu, wakirushwa juu na chini. Walipopanda upande wa pili, injini ikakohoa. Mama alivuta mafuta zaidi, ikazima.

Aliiwasha tena. Ilinguruma taratibu pale pale iliposimama, lakini kila alipovuta mafuta ilizima. Mama alishuka. Alikagua koki ya petroli. Alifungua plagi, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. Hali ikawa ile ile.

"Lakini si imetoka kwa fundi jana?" alisema, akijifuta jasho.

Edina aliutia mkono mfukoni. Alijua uzi umekatika, na alijua sindano imetumbukia na kuziba njia ya mafuta. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa mfukoni mwake, nayo ilimchoma kila alipousogeza mguu. Nyuma yao kulikuwa na korongo, mbele kulikuwa na korongo jingine, na kwenye vilima mawingu yalikuwa meusi tii. Kila mtoto wa Kongwa anajua kwamba korongo hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, hata kama wewe hujaguswa na tone. Alibanwa pande zote, na pande zote zilitisha. Akisema, mama hatamwamini tena. Asiposema, barafu itayeyuka, chanjo itaharibika, na kina mama waliotembea tangu alfajiri watarudi na watoto wao hivi hivi.

Mama alipanda juu ya jiwe, akainua simu juu akitafuta mtandao. Mwishowe Fundi Iddy alipatikana, sauti ikikatikakatika.

"Haloo, Nesi! Inazima ukivuta? Basi... sindano... sindano imeshuka hiyo! Nasema sindano..."

Mtandao ukapotea.

"Sindano imeshuka?" mama alirudia kwa mshangao. Kwa nesi, sindano ni ile ya kuchomea watoto. Aliukimbilia mkoba wake, akakuta zipu iko wazi. "Maskini mimi! Asubuhi nilitia maboksi mawili au matatu? Moja litakuwa limeshukia kule korongoni tulikorushwa. Labda mtu ameliokota, akampigia Iddy."

"Mama..."

"Kaa hapa na kikasha, usikifungue. Bila sindano chanjo haina kazi. Naenda korongoni mara moja."

Akaanza kuteremka kwa miguu kulielekea korongo. Edina alivitazama vilima, akamtazama mama yake anavyozidi kwenda. Hofu ya kugombezwa ilikuwepo bado, lakini sasa ilikuja hofu nyingine iliyoishinda kwa mbali.

"Mama, usiende! Rudi!" alipiga kelele na kumkimbilia. "Siyo sindano zako! Ni sindano ya kabureta! Fundi hakuisafisha, niliifungua mimi. Nilikudanganya, mama."

Alifungua kiganja. Mama aliitazama ile klipu, kisha akamtazama yeye.

"Unajua kuirudisha?"

"Najua."

"Irudishe. Mengine baadaye."

Edina alifuta vumbi kwanza, kama Fundi Iddy afanyavyo. Alifungua kofia ya kabureta, akaivuta sindano kwa ncha za vidole, akatoa mabaki ya uzi. Klipu ilikaribia kumponyoka tena. Mama alikinga kanga yake chini. Klipu ikaingia mahali pake ikilia "tik". Mama akapiga kiki, akavuta mafuta, na injini ikanguruma kwa nguvu.

Wakati huo huo wakasikia mngurumo mwingine nyuma yao. Maji mekundu yalikuwa yanashuka kwenye korongo la kwanza, yakiburuta matawi na magogo. Mama alipatazama pale ambapo angekuwa amesimama. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Panda," alisema kwa sauti ndogo.

Walivuka korongo la pili kabla maji hayajafika. Kijijini kina mama walikuwa bado wamekaa na watoto wao, na barafu ilikuwa haijayeyuka. Sindano zilitosha. Hakuna boksi lililokuwa limeanguka.

Alasiri, walipokuwa wakisubiri maji yapungue ili warudi nyumbani, mama alimwita akae karibu naye.

"Kufungua kabureta hujakosa sana," alisema. "Ungeniambia klipu imepotea, tungecheka, tukanunua nyingine. Pikipiki ilizimika kwa ajili ya klipu, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa naenda korongoni kwa ajili ya ile 'ndiyo' yako, iliyonifanya nisiwazie kabureta. Mtu akikuamini, anaweka miguu yake juu ya neno lako. Ukimpa neno bovu, ataanguka nalo."

Edina alilia, na mama akamwacha alie.

Kesho yake alikwenda mwenyewe na pikipiki kwa Fundi Iddy, akamweleza yote. Fundi alicheka sana habari ya sindano. Kisha akaacha kucheka, akampa kitambaa na bakuli. "Leo utaifungua kabureta mbele yangu," alisema.

Edina alifungua, akaosha, akaanza kurudisha. Baadaye mama yake alipita kuichukua pikipiki.

"Tayari?" aliuliza.

Edina alikuwa amepiga magoti, anapapasa sakafuni.

"Bado, mama. Klipu imeniponyoka tena."

Mama alimtazama fundi, wakatabasamu. Kisha akaikunja kanga yake, akapiga magoti, wakaitafuta pamoja.

"Jibu hilo," alisema, "ndilo ninaloweza kupandia pikipiki."