Gitaa la Santuri ya Kwanza

Stendi ya Korogwe ilikuwa imechangamka, wauza machungwa wakigombea madirisha ya mabasi, ndipo Shamsia aliposikia simu ya mtu ikilia kwa wimbo wa Katani Jazz. Akasimama pale pale na furushi lake la vitenge. Bendi ile ilivunjika kabla yeye hajaanza shule. Nani bado aliikumbuka?

"Kaka, huo ni wa santuri ya kwanza!"

Mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka akageuka, akatabasamu. "Kumbe unaujua! Mimi Isihaka, fundi redio wa Handeni. Ila santuri ya pili ndiyo yenyewe, ina tarumbeta."

"Tarumbeta ni kelele."

"Heee! Dada, sisi tutagombana."

Na kweli walianza kugombana, ugomvi mtamu usioisha hamu. Kila jioni simu. Isihaka akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa bendi hiyo, watu thelathini wenye mvi na ubishi. Polepole "dada" ikawa "mpenzi", na Shamsia, aliyekuwa mjane kwa miaka sita, akaanza kupaka wanja hata siku za kushinda ndani. Mahindi yakishavunwa, Isihaka alisema, atatuma wazee wake walete posa.

Jambo moja Shamsia alilificha. Mpiga gitaa wa santuri ya kwanza alikuwa marehemu baba yake, Adamu, mkata mkonge wa Hale. Alitaka kumwambia siku ya posa, afaidi kumwona akibaki mdomo wazi.

Hakuwahi. Ijumaa moja ubishi ulipopamba moto kundini, Isihaka akatuma sauti: "Ya kwanza ina waimbaji, sikatai. Lakini lile gitaa! Yule jamaa anapiga kama anakata mkonge. Ndiyo maana kwenye ya pili walimtema."

Kundi zima likacheka. Shamsia akakumbuka gitaa lililotundikwa ukutani, ambalo baba hakuligusa tena mpaka anaingia kaburini. Akapiga simu.

"Mpenzi wangu, umeamkaje?"

"Yule jamaa ni baba yangu, Isihaka. Wazee wako wasije."

Akakata, akajitoa kundini. Kilichomuuma zaidi hakumwambia mtu: kwenye kaseti ya nyumbani aliyoisikiliza tangu utotoni, gitaa liliyumba kweli, na miaka yote alimtetea baba huku moyoni akiamini kwamba mzee aliboronga.

Wiki tatu simu zikalia bila kupokelewa. Wiki ya nne Isihaka akatokea sokoni, kwenye meza ambayo Shamsia aliuzia vitenge, kanzu imejaa vumbi, kwapani amebeba kinanda cha santuri cha betri.

"Nilisema wazee wasije."

"Sikuja na wazee," akasema kwa upole. "Nimekuja na baba."

Akafungua khanga aliyoishika mkononi, akatoa santuri ambayo jalada lake bado liling'aa.

"Nimeitafuta Kabuku, nimeitafuta Hale. Nimeipata Mazingara, kwa bibi mmoja aliyeifungia sandukuni tangu kinanda chake kilipokufa. Shamsia, mimi ni fundi na nimefanya kosa la kijinga. Kaseti zetu zote zimenakiliwa kutoka kaseti nyingine, na hiyo kutoka nyingine, mkanda umelegea. Sauti ya mwimbaji huvumilia, lakini uzi wa gitaa huyumba wote. Nikamhukumu mzee kwa ugonjwa wa mkanda. Sikiliza."

Sindano ikashuka. Gitaa likaingia safi, kila uzi mahali pake, halijikwai wala haliyumbi. Shamsia akashika ukingo wa meza. Machozi yakateremka na wanja wake.

"Hakuboronga," akanong'ona.

"Hata mara moja."

Wakasikiliza mpaka mwisho, wateja wakisubiri.

"Na tarumbeta je?" akauliza, akijifuta kwa ncha ya mtandio.

Isihaka akainamisha kichwa. "Bado nazipenda. Siwezi kukudanganya mbele ya mzee."

Shamsia akacheka kicheko ambacho hakukisikia kinywani mwake mwezi mzima.

"Irudishe mwanzo," akasema. "Halafu kawaite wazee."