Nakala ya Pili

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mtunza stoo alifungua chumba cha baridi cha ghala la chanjo, akapokelewa na joto. Dozi elfu tisa zilikuwa zimeharibika. Lakini kwenye skrini ya mfumo unaochunga mashine zote za ghala, chumba kile kilikuwa bado kijani, yaani salama, tangu Ijumaa.

Kufikia saa nne, fundi wa mtandao alikuwa amefungwa pingu. Aliyewapigia polisi simu ni mkuu wake wa kitengo, ambaye pia ni mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Watu wakasema huyo ndiye kiongozi, hapendelei damu yake. Watu wana haraka ya kusifu.

Mpelelezi aliyepewa kesi aliitwa Bibi Taratibu kwa maswali yake ya polepole. Alianza na mtunza stoo, ambaye tayari watu walimnong'ona kwamba alizima majokofu kwa uzembe.

"Ijumaa jioni nilisoma kipimajoto kwa macho yangu, afande. Digrii nne. Jumamosi umeme ukakatika, jenereta likagoma. Kengele ingelia mpaka kwenye simu yangu. Haikulia."

Fundi alimweleza sababu akiwa mahabusu.

"Mfumo una mahali pa kupakia picha ya ramani ya jengo. Unaangalia jina la faili tu, hauangalii kilichomo. Ukiipa programu jina la picha, inaingia na kufanya kazi. Mtu amepakia programu ya kunyamazisha kengele."

"Kwa akaunti yako. Ijumaa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi."

"Saa hiyo nilikuwa juu ya paa nafunga antena. Muulize mlinzi."

"Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

"Kila mfanyakazi huliandika, likatiwa kwenye bahasha, likakaa kwenye droo ya mkuu. Ndiyo sheria ya mjomba." Akasita. "Na kuhusu tundu hilo la mfumo nilimwandikia barua ya siri miezi mitatu iliyopita, nakala mbili. Kila nakala nikaiambatisha na flashi yenye faili la majaribio."

Mlinzi alicheka kwa uchungu. "Ngazi ile niliishika mpaka mikono ikafa ganzi. Labda ana pacha!"

Kwenye droo ya mkuu, bahasha ya neno la siri la fundi ilikutwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi.

Jumatano, saa nane mchana, Bibi Taratibu alimleta fundi ofisini kwa mkuu.

"Barua?" alisema mkuu. "Sijaiona wala kuisikia."

Mpelelezi akafungua kitabu cha kupelekea barua. Sahihi ya mkuu ilikuwepo.

"Barua ya siri hapa kila nakala huandikwa namba. Mpwa wako aliiandika namba hiyo mpaka ndani ya faili la majaribio. Nakala ya kwanza iko masjala, lakiri yake haijavunjwa. Faili lililopakiwa Ijumaa lina maneno 'nakala ya pili'. Hiyo uliipokea wewe."

Mkuu akalipuka.

"Mfumo ule nilitia sahihi mimi kwamba ni salama! Bodi ilikuwa imsikilize huyu Jumatatu kuhusu tundu hilo. Mtoto niliyemtafutia kazi mwenyewe, akalie kiti changu? Nilitaka aonekane mhuni, basi. Kengele zinyamaze, Jumatatu nigundue mimi hujuma hiyo. Umeme sikuukata mimi."

"Mjomba," fundi alisema, "ungeniambia tu niichane ile barua. Ningeichana."

Mkuu hakumtazama. Alipofungwa pingu, aliomba koti lake lizifunike, na Bibi Taratibu akakubali.

Kwenye korido, mama yake fundi alikuwa amekaa tangu asubuhi. Alikuja kumpigia magoti kaka yake amsamehe mwanawe. Alipomwona kijana anatoka bila pingu, alimpita, akamwendea kaka yake huku machozi yakimtiririka.

"Ahsante, kaka. Nilijua huwezi kumtupa mpwa wako."

Akaingiza mikono chini ya koti ili aishike ya kaka yake na kuibusu, akagusa chuma.