Sabuni Iliyofungiwa Ofisini

Kila mapumziko, kiranja wa afya wa darasa la sita alisimama karibu na vyoo vya shule, daftari mkononi. Wenzake walimwita Kamanda kwa jinsi alivyopenda kuamrisha. Aliyetoka chooni bila kunawa aliandikwa jina.

"Wewe! Rudi ukanawe!"

Watoto walicheka, wakakimbilia darasani. Kamanda alibaki akisaga meno.

Jumatatu moja, mdogo wake wa darasa la kwanza aliharisha mpaka akalegea, akalazwa zahanati na kutundikiwa dripu. Kesho yake Kamanda alifika shuleni akiwa moto kwa hasira. Alipomwona msichana mdogo akitoka chooni, alimkamata mkono.

"Wachafu nyie! Mnataka kumuua mdogo wangu?"

Mtoto aliangua kilio. "Dada, sabuni iko ofisini. Naogopa kuiomba."

"Na bomba je? Nalo linauma?"

"Liko nyuma ya jiko, na njiani kote ni tope. Nikienda huko, kengele inalia sijarudi."

Muuguzi wa zahanati, aliyekuja kukagua vyoo, alikuwa amesimama hapo. "Kiranja, wewe hunawa wapi?"

"Nyumbani," Kamanda alijibu, uso umemwiva kwa aibu.

Aibu hiyo haikuzima hasira. Iliigeuzia njia tu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu. Sabuni imefungiwa ya nini?"

"Marahaba. Ikiachwa nje, inaibwa."

"Basi iibwe!" Kamanda alifoka. "Mdogo wangu yuko kwenye dripu!"

Mwalimu mkuu alimkazia macho. Kisha akamtazama muuguzi, aliyekuwa amemfuata Kamanda hadi mlangoni, akashusha pumzi na kufungua kabati.

Siku iliyofuata, madumu mawili yenye koki yaliwekwa mlangoni pa vyoo, na sabuni ikaning'inia kwenye wavu wa vitunguu. Watoto walinawa bila kufokewa. Wengine walirudia kwa raha ya povu. Kamanda alimwomba radhi yule msichana mdogo.

"Nitakusamehe Ijumaa," alijibu akiwa bado amenuna.

Jioni, kule zahanati, mdogo wake akiwa tayari ameketi akinywa uji, Kamanda alimuuliza muuguzi, "Kwani nilikosea kukasirika?"

"Hapana, mwanangu. Ulikosea wa kumkasirikia. Ukiona watu wengi wanashindwa jambo dogo, usianze kuwatukana. Pita wanapopita wao, uone kinachowazuia. Hicho ndicho cha kukifokea."